Mgonjwa Atoke Lini?

(Mazungumzo haya tuliyatoa mbele ya wanakisomo na wazazi. Tunayachapa hapa ili yasomwe kwa sauti nyumbani na katika vikundi.)



Leo tunalo jambo moja la kuzungumza nanyi. Jambo lenyewe ni dogo, lakini limekwisha leta ugomvi katika nyumba nyingi. Ni hili: mtu akishikwa na ugonjwa wa kuambukiza, tukamweka chumba chake peke yake, je, atoke lini?

Kumwingiza chumbani wote tunajua. Mtoto akitoka vipele, bibi yake anasema, "Huyu asicheze na wenzake." Basi anawekwa ndani. Lakini siku ya kumtoa kila mtu ana lake. Mama anasema, "Homa imekwisha, aende shule." Baba anasema, "Bado anakohoa, akae." Jirani naye anasema, "Mtoto huyo simtaki uani kwangu mpaka mwezi upite." Sasa nani asikilizwe?

Tukimtoa mapema, ataambukiza watoto wa watu. Katika surua, mtoto mchanga wa jirani anaweza kufa. Hilo ni jambo zito.

Tukichelewa kumtoa, nalo ni jambo zito. Mtoto atakosa masomo bure. Mkulima atakosa kupanda mvua ikiwa imekwisha nyesha. Mama lishe atapoteza wateja wake, na watoto watalala na njaa. Tena mtu aliyefungiwa bila kujua mwisho wake huchoka, akatoroka usiku. Au safari nyingine akiugua ataficha. Ugonjwa unaofichwa ndio unaomaliza kijiji.

Basi jibu si "mapema" wala "kwa kuchelewa". Jibu ni siku yenyewe. Kila ugonjwa una siku zake, na siku hizo zinahesabika. Wewe uliyehitimu kisomo, unayejua kusoma tarehe na kuandika namba, kazi hii unaiweza.

KUPONA NI JAMBO MOJA, KUACHA KUAMBUKIZA NI JAMBO JINGINE

Tuanze na jambo linalotupotosha wengi. Tunadhani mtu akijisikia vizuri, basi haambukizi tena. Na akiwa bado dhaifu, tunadhani bado anaambukiza. Sivyo hata kidogo.

Magonjwa tunayoyazungumza leo huletwa na virusi. Virusi ni vidogo mno. Huvioni kwa macho, wala huvioni kwa darubini ya kawaida ya zahanati. Vikiingia mwilini huzaana. Vikiwa vingi, hutoka kwa kikohozi, kwa chafya, kwa mate, au kwa majimaji ya vipele. Hapo ndipo mtu huambukiza wengine. Mwili nao hupigana navyo. Ukivishinda, mtu haambukizi tena, hata kama mwili wenyewe umebaki na uchovu wa vita.

Tazameni moto wa pumba. Juu unaona majivu tu, huoni moshi wala mwali. Mtoto akikanyaga, anaungua. Kesho kutwa majivu ni yale yale, rangi ni ile ile, lakini sasa ni baridi na unaweza kuyazoa kwa mkono. Huwezi kujua kwa kutazama tu. Inabidi ujue moto uliwashwa lini.

Kwa hiyo msimwulize mgonjwa, "Unajisikiaje?" mkaishia hapo. Ulizeni na haya: Ugonjwa huu unaitwaje? Ulianza siku gani? Leo ni siku ya ngapi?

KWANZA: JINA LA UGONJWA

Huwezi kuhesabu siku za ugonjwa usioujua. Vipele vya surua, vya tetekuwanga na vya mpox vinaweza kuonekana kama ndugu, lakini siku zao si sawa.

Yako mambo yaliyotokea mjini Merca, nchini Somalia, mwezi wa Oktoba 1977. Ali Maow Maalin alikuwa mpishi wa hospitali. Siku moja alipanda gari kuwaonyesha njia watu waliokuwa wakiwapeleka watoto wawili wenye ndui kwenye kambi ya wagonjwa. Safari ilikuwa ya dakika chache tu. Baadaye akashikwa na homa. Kwanza ilidhaniwa kuwa ni malaria. Vipele vilipotoka, ikadhaniwa kuwa ni tetekuwanga, naye akarudishwa nyumbani. Kumbe ilikuwa ndui!

Mnaona hatari yake? Kwa malaria, mgonjwa hana haja ya kutengwa, maana malaria huenezwa na mbu. Kwa ndui, mgonjwa alitakiwa kukaa peke yake mpaka magamba yote ya vipele yaanguke. Jina likikosewa, hesabu yote imekosewa. Ilipojulikana kuwa ni ndui, watu aliokutana nao walitafutwa mmoja mmoja, wakachunguzwa, na watu wengi wa mji ule wakachanjwa. Haikuonekana hata mtu mmoja aliyeambukizwa naye. Maalin akapona. Yeye ndiye mtu wa mwisho duniani kupata ndui kwa njia ya kawaida ya kuambukizwa. Mwaka 1980 Shirika la Afya Duniani likatangaza kuwa ndui imekwisha ulimwenguni.

Basi mgonjwa akitoka vipele na homa, apelekwe zahanati, au mhudumu wa afya wa kijiji aitwe aje amwone. Msipeane jina la ugonjwa kisimani.

Yapo pia magonjwa ya virusi ambayo hayataki kumtenga mtu hata siku moja. Virusi vya UKIMWI haviambukizi kwa kula pamoja, kushikana mikono wala kulala nyumba moja. Anayemtenga ndugu yake kwa ajili hiyo hajikingi na kitu. Anamwonea tu.

PILI: SIKU YA KWANZA NI IPI?

Tuchukue surua, maana surua inajulikana katika kila kijiji.

Surua huanza kama mafua. Mtoto ana homa, anakohoa, kamasi zinamtoka, macho ni mekundu. Baada ya siku chache vipele hutokea usoni na nyuma ya masikio, kisha hushuka mwilini. Siku vipele vinapotokea ndiyo siku ya kuishika. Iandike!

Mwenye surua huambukiza kuanzia siku 4 kabla ya vipele mpaka siku 4 baada ya vipele kutokea. Haya, tuhesabu pamoja. Vipele vimetokea Jumatatu. Jumatatu yenyewe hatuihesabu. Jumanne ni moja. Jumatano ni mbili. Alhamisi ni tatu. Ijumaa ni nne. Ijumaa nzima mtoto bado yuko ndani. Jumamosi anaweza kutoka kwenda kwa wenzake, kama hali yake inamruhusu.

Wengi hukosea hapa. Mmoja huanza kuhesabu siku ya homa, akamtoa mtoto mapema. Mwingine huanza kuhesabu siku vipele vilipofifia, akamfungia muda mrefu. Wewe anza na siku vipele vilipotokea.

Sasa hesabuni kurudi nyuma. Siku 4 kabla ya Jumatatu ni Alhamisi ya juma lililopita. Maana yake, tangu Alhamisi ile mtoto alikuwa akiambukiza, na hakuna aliyejua kuwa ni surua. Jiulizeni: tangu Alhamisi alikuwa wapi? Shuleni? Kanisani? Msikitini? Kwenye arusi? Virusi vya surua vinaweza kubaki hewani chumbani mpaka saa 2 baada ya mgonjwa kuondoka. Waambieni wazazi wa watoto aliokuwa nao. Mtoto ambaye hajachanjwa apelekwe zahanati upesi. Chanjo ikiwahi ndani ya siku 3 tangu alipokutana na mgonjwa, inaweza kumkinga. Msione haya kusema. Jirani atakasirika zaidi akijua kuwa ulijua ukanyamaza.

Nasi wazazi tusisubiri surua ifike mlangoni. Hapa Tanzania mtoto huchanjwa surua na rubella akiwa na miezi 9, kisha tena akiwa na miezi 18. Chanjo ya pili isisahauliwe. Soma kadi ya mtoto wako mwenyewe, maana sasa unajua kusoma.

SIKU ZA MAGONJWA MENGINE

Chukueni daftari muandike.

Matubwitubwi, ambayo wengine huyaita machubwichubwi. Mashavu huvimba chini ya masikio. Hesabu siku 5 baada ya uvimbe kuanza. Uvimbe ukianza Jumatatu, siku ya tano ni Jumamosi. Jumapili mgonjwa atoke, hata kama shavu halijanywea sawasawa.

Tetekuwanga. Huu hauna namba moja ya siku. Hapa tunatazama ngozi. Mgonjwa huambukiza kuanzia siku moja au mbili kabla ya vipele, mpaka vipele vyote vikauke na kufanya gamba. Si vingi, ni vyote! Mara nyingi huchukua siku 5 mpaka 7 tangu vipele vianze. Mvulie nguo umtazame mgongoni, kichwani na kwapani. Kikiwepo kipele kimoja chenye maji, bado. Kikizuka kipya, bado. Vyote vikikauka na hakuna kipya, mwache atoke. Magamba yaliyobaki na madoa hayaambukizi. Katika siku zake mama mjamzito ambaye hajawahi kuugua tetekuwanga asimkaribie, maana ni hatari kwake na kwa mtoto aliye tumboni.

Mpox, ambao zamani uliitwa homa ya nyani. Serikali ya Tanzania ilitangaza wagonjwa wa kwanza hapa nchini mwezi wa Machi 2025. Hapa angalieni sana. Katika tetekuwanga tunangoja vipele vikauke. Katika mpox kukauka hakutoshi. Tunangoja mpaka magamba yote yaanguke yenyewe na ngozi mpya itokee chini yake. Mara nyingi huchukua majuma 2 mpaka 4. Msiyabandue kwa kucha! Ndiyo maana tulisema jina kwanza.

Mafua makali, yaani yale yenye homa na maumivu ya mwili. Mgonjwa angoje mpaka apite siku nzima, saa 24, bila homa. Lakini bila homa maana yake ni bila homa pasipo dawa ya kuishusha. Ukimeza vidonge asubuhi, homa ikashuka, ukaenda sokoni, bado hujapona. Vidonge vimeificha homa tu. Hata baada ya hapo, kwa siku chache zaidi, funika mdomo ukikohoa, na usimkumbatie mtoto mchanga wala mzee asiyejiweza.

UVIKO-19. Ugonjwa huu umetufundisha kuwa hata wataalamu hubadili hesabu wakijua zaidi. Mwanzoni mwa mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lilitaka mgonjwa apimwe mara mbili, na mara zote mbili aonekane hana virusi, ndipo atoke. Watu wengine walikaa majuma mengi wakingoja. Baadaye ikaonekana kuwa kipimo kile huweza kukamata mabaki ya virusi vilivyokwisha kufa. Ni kama kukuta maganda ya karanga na kusema mwizi bado yumo ghalani. Kwa hiyo mwezi wa Mei 2020 shirika hilo likaruhusu kuhesabu siku. Na mwaka 2023 likashauri hivi: mwenye dalili akae siku 10 tangu dalili zilipoanza, aliyeonekana na virusi bila kuwa na dalili akae siku 5.

Mnauliza, "Sasa kama hesabu hubadilika, tuamini nini?" Aminini, lakini ulizeni kila mara. Mkulima naye hubadili mbegu akiona iliyo bora, wala hatusemi kuwa jana alikuwa mwongo. Kabla ya kufungua mlango, pita zahanati uulize, "Siku zake bado ni zile zile?"

ALIYEKAA NA MGONJWA, NAYE JE?

Hapa pana maneno mawili yanayochanganywa. Kumtenga mgonjwa ni kumweka peke yake mtu ambaye tayari anaumwa. Karantini ni kumzuia mtu mzima wa afya ambaye amekutana na mgonjwa, ili tuone kama ataugua. Neno hili limetoka Ulaya, katika mji wa Venice, ambako zamani merikebu zilizotoka penye tauni zilizuiwa siku 40 kabla ya watu kushuka. Neno lenyewe lina maana ya arobaini, kama tunavyosema sisi arobaini ya mzazi.

Aliyekutana na mgonjwa huhesabiwa kwa namna nyingine. Tunaanza siku alipokutana naye kwa mara ya mwisho. Tunahesabu muda mrefu kabisa ambao ugonjwa unaweza kujificha mwilini kabla ya dalili.

Mfano ni Marburg. Tarehe 21 Machi 2023 serikali ilitangaza kuwa ugonjwa huo umeingia mkoa wa Kagera. Watu 9 walihesabiwa kuwa wameugua, na 6 kati yao wakafariki. Watu zaidi ya 200 waliokutana na wagonjwa walifuatiliwa. Walifuatiliwa kwa siku 21, kwa sababu Marburg huweza kujificha mwilini siku 2 mpaka 21. Siku 21 zikipita bila dalili, mtu huyo yuko huru. Hana kitu.

Mgonjwa mwenyewe wa Marburg hatolewi kwa kalenda ya ukutani. Hutolewa hospitali kwa kipimo cha damu. Hapo usitumie hesabu ya nyumbani kabisa.

Na nchi nzima nayo ilihesabiwa siku zake. Mgonjwa wa mwisho alipopimwa akaonekana hana virusi, zikahesabiwa siku 42, yaani siku 21 mara mbili. Mara ya kwanza ni kungoja, mara ya pili ni kuhakikisha. Hakutokea mgonjwa mpya. Tarehe 2 Juni 2023 ikatangazwa kuwa Marburg imekwisha. Mwezi wa Januari 2025 ugonjwa huo ulizuka tena, huko huko Kagera, wilayani Biharamulo. Watu wakahesabu tena, na tarehe 13 Machi 2025 ukatangazwa kuwa umekwisha. Mnaona? Hata serikali huandika tarehe.

KUTENGA SI KUFICHA

Mgonjwa akiwa ndani siku zake, asiachwe kama mzigo ghalani. Apate mhudumu mmoja, na bora awe mtu aliyekwisha ugua ugonjwa huo au aliyechanjwa. Wazee wetu walilijua hili. Sehemu kadhaa za nchi zetu, mwenye ndui alijengewa kibanda chake, na aliyempelekea chakula alikuwa mtu mwenye makovu ya ndui.

Dirisha lifunguliwe, hewa ipite. Mgonjwa awe na kikombe chake na sahani yake, vioshwe kwa maji na sabuni. Mhudumu anawe mikono kila atokapo. Mama anayenyonyesha mtoto mwenye surua aendelee kumnyonyesha. Mgonjwa apewe uji, maji ya kutosha na matunda. Kama nyumba ni ya chumba kimoja, walaleni mbali kadiri iwezekanavyo, mtoto asiyechanjwa apelekwe zahanati mapema, na mgonjwa mchana apumzike kivulini uani, mbali na watu.

Tena sikieni vizuri. Siku za kumtenga mgonjwa si siku za kumzuia asiende zahanati! Akipumua kwa shida, akipata degedege, akishindwa kunywa, akiharisha sana, akilegea asiamke vizuri, au macho yakifanya ukungu, mpelekeni siku hiyo hiyo, hata kama ni siku ya pili. Ila tangulizeni mtu akawaambie, "Tunaleta mgonjwa wa surua." Wataalamu watamweka mahali pake, asikae foleni moja na watoto wachanga. Mtoto wa surua hupewa pia vitamini A huko zahanati. Msikose.

SIKU IKITIMIA, MLANGO UFUNGULIWE

Sasa tumefika penye ugumu zaidi. Siku zimetimia. Mganga wa zahanati amesema mtu huyu haambukizi tena. Lakini anapokwenda kisimani, wenzake wanaondoa ndoo zao. Akikaa kwenye benchi, wengine wanainuka. Akiuza maandazi, hayanunuliwi. Mtoto wake anaitwa shuleni kwa jina la ugonjwa.

Katika lugha yetu neno kutenga lina maana mbili. Twasema mgonjwa ametengwa. Twasema pia mchawi ametengwa, au mwizi ametengwa. Basi watu wengine huanza na maana ya kwanza wakaishia na ya pili. Kumtenga mgonjwa katika siku zake ni kinga. Kumtenga baada ya siku zake ni adhabu, naye hana kosa.

Wala tusidhani adhabu hiyo haina gharama kwetu. Vijana wanatazama. Safari ijayo mmoja wao akipata homa, atakumbuka jinsi fulani alivyotendwa. Atanyamaza. Atakwenda shamba na homa yake, atakunywa kikombe kimoja na wenzake, na ugonjwa utapata njia. Kumpokea aliyetimiza siku ndiko kunakomfanya mwingine akubali kuingia ndani bila kulazimishwa.

Hapa wakubwa watangulie. Mwenyekiti wa kitongoji amtembelee mtu huyo mchana, watu wakiona. Mwalimu amwambie mtoto aketi mahali pake pa zamani, na awaeleze wenzake kwa nini. Shehe, padri na mchungaji wawasaidie watu kuelewa. Na sisi majirani tupeane mkono naye, tununue maandazi yake tule.

Lakini kumbukeni tena moto wa pumba: kuacha kuambukiza si kupona kabisa. Mtoto aliyetoka surua anaweza kubaki dhaifu kwa majuma mengi, kwa kuwa surua hudhoofisha kinga ya mwili hata dhidi ya magonjwa mengine. Mpeni chakula kizuri mara nyingi kwa siku. Msimtume maji mbali. Kikohozi kikizidi au homa ikirudi, arudishwe zahanati. Atoke kwa watu, ndiyo, lakini asitwishwe kazi.

KAZI YA LEO

Ndugu wanakisomo, mazungumzo yetu yamekwisha. Sasa iko kazi. Usiku huu tafuta ukurasa mtupu wa daftari lako. Andika mistari minne:

1. Jina la mgonjwa na jina la ugonjwa.
2. Tarehe dalili ilipotokea (vipele, uvimbe au homa).
3. Tarehe ya kutoka, au kitu cha kungoja (magamba kukauka, magamba kuanguka, homa kwisha).
4. Aliyetuambia hivyo, na siku aliyotuambia.

Ukurasa huo uuweke pamoja na kadi za kliniki za watoto. Siku ugonjwa ukiingia nyumbani, jaza. Baba na mama wakibishana, fungueni daftari. Jirani akija na wasiwasi, msomee tarehe. Naye akitaka kuhakikisha, mwende naye zahanati pamoja.

Tunawatakia afya njema na masomo mema.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Vipele vya surua vimemtokea mtoto siku ya Jumatano. Atoke siku gani? Alianza kuambukiza siku gani?
2. Kuna tofauti gani kati ya kungoja kwa tetekuwanga na kungoja kwa mpox?
3. Kwa nini mtu aliyemeza dawa ya kushusha homa asiseme kuwa homa imekwisha?
4. Katika kijiji chetu, nani atangulie kumpokea mtu aliyetimiza siku zake? Afanye nini hasa?
5. Je, yuko mtu kati yetu ambaye bado tunamtenga, na siku zake zimekwisha pita? Tufanye nini juma hili?